Pikipiki yako haina nguvu? Rudisha kwanza ile iliyopotea

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, leo ukurasa wetu wa usalama na afya hauzungumzi juu ya chimbo. Unazungumza juu ya kitu kinachokungoja nje ya lango, kila siku kazi inapokwisha: pikipiki yako.

Kwa nini? Kwa sababu katika Luena pikipiki imekuwa miguu ya jamaa nzima. Ndiyo inayokupeleka kazini. Ndiyo inayokwenda Bukama kutafuta samaki wa Lualaba. Ndiyo inayopeleka mgonjwa kwa daktari, na inayobeba unga wa mwezi. Mara nyingine inafanya safari ndefu mpaka Kamina, ukiwa na mama nyuma na mzigo nyuma ya mama.

Tena ni katika safari hizo ndefu unapoanza kulalamika: «Pikipiki yangu haina nguvu. Haipandi. Inalia bure.» Rafiki anakwambia kuna fundi anayeweza kutoboa silinda na kutia pistoni kubwa zaidi, ili 125 yako iwe kama 150. Mwingine anakushauri uondoe kichujio cha hewa «ipumue vizuri». Wa tatu anasema: «Kata bomba la moshi, utaona itakavyoruka!»

Kabla hujatoa mshahara wako mfukoni, kaa chini usome. Mwisho wa ukurasa huu utajua jinsi ya kupata nguvu kwa fedha kidogo, na utajua pia ni nguvu gani inaweza kukuua.

CHUKUA MFANO HUU

Tuseme mfanyakazi mmoja ana pikipiki ya 125 ya miaka minne, kama zile TVS na Boxer tunazoziona kila siku barabarani. Siku ilipokuwa mpya ilipanda mlima na watu wawili bila shida. Leo inapanda kwa vitesi ya pili, na moshi mwingi. Ameweka fedha kidogo kando. Fedha hizo zinatosha kwa silinda mpya na kazi ya fundi, lakini zikitoka, masomo ya mtoto yatangoja.

Tumwulize swali moja: siku ilipokuwa mpya, nguvu ilikuwa ikitosha? Atajibu: «Ndiyo, ilitosha.» Basi mtu huyu hahitaji nguvu mpya. Anahitaji kurudishiwa nguvu yake, iliyopotea kidogo kidogo kwa miaka minne. Karibu kila mara kazi hiyo ni ya fedha kidogo kuliko silinda, na nyingine haihitaji fedha hata kidogo.

KWANZA: TAFUTA NGUVU ILIYOPOTEA

Fanya kazi hii mwenyewe, siku ya mapumziko, asubuhi, nje ya nyumba.

1. Kichujio cha hewa. Wewe mtu wa makaa ya mawe unajua vumbi linavyofanya kifuani mwa mtu. Ndiyo sababu kazini tunakuambia uvae kinga ya pua na mdomo. Injini nayo ina kifua, na kinga yake ni kichujio. Tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, vumbi jekundu la barabara hukijaza, injini ikakosa hewa, ikala esanse nyingi, ikatoa moshi mweusi na kulegea. Kama kichujio ni cha sponji, kioshe kwa maji ya sabuni, kikamue polepole bila kukipinda, kikauke, kisha ukipake mafuta ya injini kidogo sana. Kama ni cha karatasi, usikioshe: kikung'ute, na kikiwa kimeziba kabisa nunua kingine.

2. Magurudumu. Simamisha pikipiki juu ya stendi, zungusha gurudumu kwa mkono. Lazima lizunguke kwa urahisi. Likisimama upesi, huenda freni imeshika daima, na injini yako inapigana na freni siku nzima. Legeza kidogo, lakini hakikisha freni bado inashika vizuri unapoikanyaga. Kisha pima hewa ya mipira. Mpira laini hula nguvu, na ukibeba mzigo hupata joto na kupasuka.

3. Mnyororo. Mnyororo mkavu wenye kutu hula nguvu kabla haijafika gurudumuni. Usafishe, utie mafuta. Usikazwe kama uzi wa gitaa, wala usining'inie. Kwa pikipiki nyingi ndogo, katikati ya mnyororo pachezeke kama milimita 20 hadi 30, pikipiki ikiwa juu ya stendi bila mtu kuikalia.

4. Buji. Izime injini, ingoje ipoe, toa buji uitazame. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa au ya udongo mwepesi, injini inaungua vema. Ikiwa nyeusi ya masizi, esanse ni nyingi au hewa ni kidogo. Ikiwa nyeupe, injini inapata joto kupita kiasi: hapo usiendelee na safari ndefu kabla fundi hajatazama.

5. Esanse. Ile inayouzwa kwa chupa kando ya barabara huenda ikawa na maji au mafuta ya taa ndani yake. Itie katika chupa safi ya kioo, iache itulie. Maji ni mazito kuliko esanse, yatakaa chini nawe utayaona. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo, lakini injini itakuambia: itagongagonga ndani unapopanda mlima, na moshi utakuwa mzito wenye harufu ya taa.

6. Supape na ambreyaji. Hapa muite fundi anayejua, mwenye vipimo. Supape ni milango midogo ya injini inayopitisha hewa na moshi. Nafasi yake hupimwa kwa sehemu ndogo sana za milimita, na ikipotea nguvu nayo hupotea. Ambreyaji ikiteleza utaijua: injini inalia sana lakini pikipiki haiendi, na unasikia harufu ya kuungua.

Angalia: katika mambo hayo 6, kitu cha kununua ni kidogo tu. Mtu wetu wa mfano akiyafanya yote, mara nyingi atakuta pikipiki yake ya zamani imerudi. Na masomo ya mtoto hayakuguswa.

Jambo moja la kutuliza moyo. Injini yenye karburateri hupoteza karibu moja ya kumi ya nguvu yake kila unapopanda mita 1000, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Bukama iko chini, ukingoni mwa Lualaba. Kamina iko juu, karibu mita 1100. Basi pikipiki ikilegea kidogo unapoikaribia Kamina, huo si ugonjwa, wala haufai kukupeleka kwa fundi.

PILI: PUNGUZA MZIGO

Pikipiki nyingi ndogo zimefanywa kubeba jumla ya kilo kama 130 hadi 150, dereva akiwemo. Sasa piga hesabu. Wewe kilo 65, mama kilo 60: tayari ni 125. Ukiongeza kapu la samaki la kilo 50, jumla ni 175. Umepita.

Tuseme pikipiki yenyewe ina kilo 115. Vyote pamoja ni kilo 290. Ukilitoa lile kapu la kilo 50, zinabaki 240. Mlimani injini itahitaji nguvu pungufu karibu 17 kwa mia. Hakuna fundi wa mtaani atakayekupa faida kama hiyo kwa bei hiyo, maana bei yake ni safari ya pili, au nauli ya kapu katika lori.

Tena mzigo mzito nyuma ya gurudumu huinua mbele ya pikipiki. Usukani unakuwa mwepesi, na freni ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, haishiki tena barabara kama inavyotakiwa. Mzigo uwekwe chini na karibu na kiti, ufungwe kwa kamba ngumu, usicheze.

TATU: PINYO, NGUVU YA FEDHA KIDOGO

Umefanya yote hayo, lakini kazi yako ni ya milima na njia ya mchanga, nawe bado unataka ivute zaidi? Basi kuna njia njema, isiyogusa injini. Ni pinyo, yaani yale magurudumu madogo yenye meno yanayoshika mnyororo: dogo mbele kwenye injini, kubwa nyuma.

Tuseme pinyo yako ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Gawa 42 kwa 14: jibu ni 3. Pinyo ya mbele ikizunguka mara 3, gurudumu linazunguka mara 1. Sasa tia nyuma pinyo ya meno 45. Gawa 45 kwa 14: jibu ni 3 na kidogo, yaani 3,2. Gurudumu litavutwa kwa nguvu zaidi, karibu 7 kwa mia. Ukipenda, acha ya nyuma, weka mbele pinyo ya meno 13 badala ya 14: matokeo yanakaribiana, na pinyo ndogo ya mbele ni ya bei nafuu kuliko ile kubwa ya nyuma.

Je, tunapata nguvu hiyo bure? Hapana. Mwendo unapungua. Kwa mlio uleule wa injini uliokuwa ukikupa kilometa 80 kwa saa, sasa utapata karibu 75. Lakini ndugu, katika njia ya mashimo kati ya Luena na Bukama, ni nani anayehitaji 80?

Kumbuka mambo mawili. Pinyo kubwa ya nyuma huenda ikataka mnyororo mrefu kidogo. Na kama meno ya pinyo yamekwisha, yamekuwa makali kama meno ya msumeno, badilisha mnyororo na pinyo zote mbili pamoja. Mnyororo mpya juu ya pinyo iliyokwisha huharibika upesi, na mnyororo ukikatika mwendoni unaweza kufunga gurudumu la nyuma.

MAMBO MATATU USIYAFANYE

Usiondoe kichujio cha hewa. Ni kweli, siku mbili tatu utaona injini kama imechangamka. Lakini kila kilometa itakuwa ikimeza mchanga. Mchanga husugua pistoni na ukuta wa silinda kama tupa. Baada ya miezi michache utaona moshi wa buluu, mafuta ya injini yanapungua, na nguvu imepotea kabisa. Hapo utanunua silinda kwa lazima.

Usikate wala kutoboa bomba la moshi. Karburateri imepimwa pamoja na bomba lake. Ukilikata, kipimo cha hewa na esanse hupotea na injini inaweza kupata joto kupita kiasi. Kelele inaongezeka, nawe unadhani ni nguvu. Wakati huohuo jirani aliyerudi kazi ya usiku halali, na kesho ataingia kazini na usingizi. Tena bomba lililokatwa ovyo huchoma miguu ya watoto.

Usitoboe silinda kutia pistoni kubwa. Ukuta wa silinda unakuwa mwembamba. Joto linaongezeka. Vyuma vya chini, vinavyoshika pistoni, vilifanywa kwa nguvu ya kwanza, si kwa nguvu ya pili. Injini ya namna hiyo ikikwama ghafula katika mwendo, gurudumu la nyuma linasimama nawe unaruka. Hata isipokwama, kumbuka jambo hili: fundi ameongeza nguvu ya kwenda, lakini hakuongeza nguvu ya kusimama. Freni ni zilezile ndogo.

HESABU YA KUSIMAMA

Hapa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo watu wanapokufa.

Unapomwona mtoto au mbuzi akiingia barabarani, unahitaji karibu sekunde 1 kabla mkono haujashika freni. Sekunde hiyo pikipiki inaendelea. Kisha freni inaanza kufanya kazi. Juu ya udongo mkavu, kwa freni nzuri na dereva anayejua, hesabu inatoa hivi:

Kwa kilometa 40 kwa saa: unasimama baada ya mita 27.
Kwa kilometa 60 kwa saa: mita 51.
Kwa kilometa 80 kwa saa: mita 84, karibu urefu wa kiwanja cha mpira.

Mwendo umeongezeka mara 2 tu, kutoka 40 mpaka 80, lakini umbali wa kusimama umeongezeka zaidi ya mara 3. Wakati wa mvua, udongo ukiwa utelezi, ongeza tena. Na usiku? Kama taa yako inakuonyesha mita 40 tu mbele, nawe unakwenda 60, kitu unachokiona tayari umekigonga.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: fedha ya kwanza ni ya freni, mipira na taa. Fedha ya pili ndiyo ya nguvu. Mtu asiyeweza kununua viatu vya freni asinunue pinyo.

KASKE NI SEHEMU YA PIKIPIKI

Chimboni huwezi kushuka bila kaske. Kwa nini barabarani uiache nyumbani, ama uining'inize kwenye usukani? Mwaka 2008 watafiti waliokusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali walitoa hesabu yao: kwa dereva wa pikipiki anayepata ajali, kaske hupunguza hatari ya kufa kwa karibu 42 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu 69 kwa mia.

Lakini angalia: kaske ya chimboni si kaske ya pikipiki. Ile ya kazi ilifanywa kwa ajili ya jiwe linaloanguka kutoka juu. Haikufanywa kwa ajili ya kichwa kinachopiga barabara kwa ubavu, na itaruka kabla yako. Nunua ya pikipiki, yenye mkanda, uufunge chini ya kidevu. Ununue mbili: mama aliye nyuma ana kichwa kama chako.

MAMA, NENO HILI NI LAKO

Pikipiki inalala nyumbani, basi hatari nyingine inalala nyumbani. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini sakafuni mpaka ukutane na mbabula, na hapo moto unarudi mpaka kwenye tangi. Kwa hiyo pikipiki isilale karibu na mbabula. Bwana asioshe vyuma kwa esanse karibu na jiko wala na sigara. Esanse isiwekwe katika chupa ya maji ya kunywa, maana mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu. Mtoto akiinywa, usimtapishe: mpeleke hospitali mara moja.

Injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata dakika chache za «kuijaribu». Moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu, inayolaza mtu asiamke.

Mtoto akichomwa na bomba la moshi, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mawese, wala siagi, wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali.

NA DEREVA MWENYEWE?

Kabla ya kulalamikia injini, jiulize wewe una nguvu gani. Umetoka kazi ya usiku, macho mazito, nawe unataka kwenda Bukama asubuhi hiyohiyo ili urudi kabla ya jioni. Usingizi wa sekunde 3 kwa mwendo wa kilometa 60 ni mita 50 bila dereva. Lala kwanza. Samaki watakuwapo tena kesho.

TUMALIZE

Turudi kwa mtu wetu wa mfano. Ameosha kichujio, amelegeza freni iliyokuwa ikishika, ametia mafuta mnyororo, amenunua buji mpya. Kwa zile fedha alizotaka kutobolea silinda, amenunua viatu vya freni, pinyo ya meno 13 na kaske ya mama, na masomo ya mtoto yamelipwa. Sasa anapanda mlima kwa vitesi ya tatu, kapu la samaki likifuata katika lori. Hawapiti wenzake wote barabarani, lakini anafika.

Watu husema ajali haina kinga. Sisi tunaoandika ukurasa huu hatukubali. Kinga nyingi unazo nyumbani mwako leo: ndoo ya maji ya sabuni, chupa ya mafuta, ufunguo wa kukazia, na siku moja ya mapumziko. Jumapili hii, kabla ya safari, fanya ile kazi ya mambo 6. Kisha jumatatu umweleze mwenzako aliye na pikipiki kama yako.

Safari njema, na urudi salama kwa jamaa yako.